Kwa Wenye Majumba na Wakandarasi wa Mji wa Kale: Winchi ya Darini Inashikwa na Nini?

Kwa wenye majumba, wakandarasi na mafundi mnaojenga Mji wa Kale na mitaa mingine ya kisiwa cha Mombasa. Nakala: Idara ya Usalama na Afya Kazini, Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.



Siku hizi karibu kila mjengo wa ghorofa hapa kwetu una winchi darini. Bimu ya chuma imetokezwa nje ya ukingo, mbele yake pana kapi na waya, na mota ndogo ya umeme inanguruma kutwa ikipandisha saruji, kokoto, nondo na mawe. Mpita njia hutazama kile kinachoning'inia. Mimi hutazama nyuma. Bimu hiyo haikujengewa ndani ya nyumba. Imelazwa tu juu ya slebu, na kinachoizuia isipinduke ikashuka njiani pamoja na mzigo, mota, na pengine kijana anayeiendesha, ni uzito uliowekwa kwenye mkia wake. Nawauliza hadharani: uzito huo ni wa nini, ni kilo ngapi, na nani aliupima?

Nilifanya kazi bandarini Kilindini, upande wa kufunga mizigo na kumpigia ishara dereva wa kreni, na tangu nistaafu shingo yangu haijazoea kutazama chini. Swali hilo nimeliuliza kwenye mijengo ya Kibokoni na Kuze, hata kwenye maghorofa marefu ya Kizingo na Tudor. Nimejibiwa kwa adabu. "Mzee, tumeweka magunia ya mchanga." "Pana pipa la maji pale." "Tumelaza mawe, hayendi popote." Hakuna aliyenitajia kilo. Mmoja alicheka akaniambia winchi yenyewe ni ndogo, siyo kreni ya meli.

Ndogo, sawa. Kreni ya meli inabeba kontena la tani 30. Lakini chini ya kreni ya meli hapapiti mtoto mwenye juzuu mkononi akienda chuoni, wala hapana baraza iliyokaliwa na wazee wanne na birika la kahawa. Jiwe la kilo 15 likiponyoka kwenye mita 9, yaani dari ya ghorofa ya tatu, linafika chini kwa mwendo unaopita kilomita 45 kwa saa, baada ya sekunde moja na kidogo. Muda huo hautoshi hata kumaliza kupiga ukelele wa "Jihadharini!" Udogo wa winchi haumpunguzii aliye chini chochote.

Niruhusuni nifanye hesabu mbele yenu, kwa sababu ndiyo inayokosekana, na haihitaji chuo kikuu. Chukueni bimu ya mita 3. Mita 1 imetoka nje, mita 2 ziko ndani ya ukingo. Mnapandisha mifuko 4 ya saruji, kilo 200. Ili bimu isimame sawa tu, ikiwa haijaamua bado kama itapinduka au la, mkia unataka kilo 100. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya kazi kwenye hali hiyo, maana mzigo hauinuki kwa upole. Unashtuka mota inapoanza, unayumba na upepo, unasimama ghafla kijana anapoachia kitufe. Kanuni za Marekani kuhusu majukwaa ya kuning'inia, yale ya wapaka rangi na wasafisha vioo, zinataka uzito wa nyuma ushinde mara 4 ya nguvu inayotaka kupindua jukwaa lenye mzigo wake kamili. Tukiazima kipimo hicho, bimu yetu inataka kilo 400 mkiani. Hizo ni kama magunia 8 ya mchanga yaliyojazwa barabara, na mimi kwenye madari niliyofika sijawahi kuona 8.

Hapo bado hatujazungumza kuhusu roshani. Nyumba ya Mji wa Kale ina roshani, na roshani imetokeza. Mzigo ukipanda karibu na ukuta utaigonga, kwa hivyo fundi anaisukuma bimu nje nusu mita ili waya uipite roshani. Kwa macho ni jambo dogo sana. Sasa mita 1 na nusu ziko nje, mita 1 na nusu ziko ndani. Ule usawa uliotaka kilo 100 unataka 200, na ile akiba ya mara 4 inataka kilo 800. Bimu ni ile ile, saruji ni ile ile, magunia ni yale yale ya asubuhi. Aliyeisukuma bimu hakuongeza hata gunia moja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuisukuma nusu mita amekata nguvu ya mkia kwa nusu.

Wengine mmeiweka mota chini, uani, na juu mkaacha kapi peke yake, mkidhani mmeipunguzia dari mzigo. Mmeuongeza. Waya unaopanda na saruji unaivuta kapi chini kwa kilo 200. Waya unaoshuka kwenye mota nao unaivuta chini kwa kilo nyingine 200. Bimu inabeba 400, na bado haujaingia msuguano. Ni vivyo hivyo pale vijana watatu wanapovuta kamba kwa mikono kutoka njiani huku wakiimba. Kapi moja iliyofungwa juu hurahisisha kuvuta kwa sababu mtu anavuta kuelekea chini, lakini uzito haiupunguzi.

Baya kuliko yote ni mzigo kunasa. Ndoo imeingia chini ya ubao wa roshani, kijana darini hakuiona kwa sababu roshani imemziba, na kidole chake bado kiko kwenye kitufe. Mota haijui kama inainua ndoo au inaing'oa nyumba. Inavuta kwa nguvu zake zote, na nguvu za mota iliyokwama zinapita ule uzito ulioandikwa kwenye kibao chake. Ndiyo maana kanuni zile za Marekani nilizozitaja zina kipimo cha pili: uzito wa nyuma uhimili pia mara 1 na nusu ya mvuto wa mota iliyokwama, na kati ya vipimo viwili kinafuatwa kilicho kikubwa. Mzigo ukishanasa, kimoja kati ya vitatu kitaachia: roshani, waya, au mkia wa bimu. Kwa kawaida kinachoachia ni kile kilichofungwa kwa uzembe zaidi, na kwenye madari yetu hicho ni mkia.

Sasa nirudi kwenye magunia. Gunia la plastiki likikaa miezi miwili kwenye jua la Mombasa linakuwa kama jani kavu. Ukiliinua linabaki mkononi na mchanga unamwagika. Likipasuka usiku hakuna anayejua, na asubuhi winchi inawashwa. Pipa la maji la lita 200 lina kilo 200 likiwa limejaa, na mjengo ni mahali ambapo kila mtu anatafuta maji: wa kukoroga zege, wa kutia udhu, wa kunawa mikono. Mawe ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Nilisimama kwenye slebu moja Alhamisi alasiri, fundi anamalizia ukuta na mawe yamemwishia. Msaidizi wake hakushuka chini kuleta mengine. Alikwenda mkiani mwa bimu, akachukua mawili, akarudi akachukua mawili tena. Yule wa winchi alikuwa amempa mgongo, anatazama njiani. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwa kijana yule. Kwake yeye mawe ni mawe, na mwenye nyumba anataka ukuta uishe.

Kwa hiyo siwaombi muwaambie vijana wawe waangalifu. Nawaomba muondoe kwenye mkia kila kitu kinachoweza kumwagika, kuvuja, kunyweka au kujengewa. Penye sheria nzuri, mchanga na kokoto zimekatazwa kabisa kuwa uzito wa nyuma, na matofali vilevile. Unatakiwa uzito uliotengenezwa kwa kazi hiyo: kitalu cha zege au cha chuma, chenye kilo zake zimeandikwa ubavuni, kilichofungwa kwenye bimu kwa bolti au pini, na kisichoondolewa mpaka winchi yote imeshushwa. Zege mnayo. Kitalu cha sentimita 50 kwa 50 kwa 40 kina kilo 240 hivi. Mkikimwaga hapo hapo darini siku ya kumwaga slebu, na mkatia ndani yake vyuma vya kufungia, mna uzito ambao hakuna msaidizi atakayeubeba begani kwenda kujengea ukuta. Enzi za matanga, nahodha aliyeshusha shehena Bandari ya Zamani hakutweka tanga kwa safari ya kurudi kabla hajatia farumi, uzito wa kukituliza chombo kitupu, na farumi hiyo haikuguswa na baharia yeyote mpaka shehena nyingine imeingia. Hayo yalifanyika hatua chache kutoka mlangoni kwenu tangu enzi za mababu.

Kuna nyumba ambazo hata kitalu hicho hakifai. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na madari yake yanabebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti yenyewe haivuki mbali, mita 3 au pungufu. Dari hiyo ilipigwa chokaa ibebe watu, godoro na mtungi wa maji. Kuiwekea kilo 800 juu ya miguu miwili ya chuma, kisha kuitingisha kutwa, ni kutafuta msiba ndani ya nyumba badala ya nje. Wala msiifunge bimu kwa minyororo kwenye ukuta wa jirani, kama nilivyoona ikifanywa, kwa sababu jirani amesafiri Oman na hayuko kukataa. Chokaa ya miaka mia haishiki bolti ya kuvutwa juu. Kwenye nyumba kama hizo shauri langu halitawapendeza: msiweke winchi darini. Jengeni mnara wa jukwaa kutoka chini uliofungwa vizuri, au walipeni mahamali wapandishe kwa ngazi, taratibu, kwa ujira unaolingana na ngazi zenyewe. Mtasema ni ghali na kunachelewesha. Ni kweli. Atakayenunua nyumba ya matumbawe Ndia Kuu ajue tangu mwanzo kwamba haikarabatiwi kwa mwendo wa ghorofa la Nyali.

Kuhusu kamba na waya nitapita haraka, kwa sababu wengi wenu mnajua na ni uvivu tu. Hewa ya chumvi inaula waya kutoka ndani. Nje unang'aa kwa grisi na ndani nyuzi zimeoza. Pitisheni kitambaa kila asubuhi, kikinasa kwenye nyuzi zilizokatika waya huo ni wa kutupwa. Kulabu iwe na ulimi wa kuifunga. Matofali yasipandishwe kwenye karai lililo wazi. Na mnapofunga mafungu ya nondo kwa kamba mbili, msizilaze: kamba mbili zikitoka kwenye kulabu kwa mlalo wa nyuzi 30 tu juu ya mzigo, kila moja inabeba uzito sawa na mzigo wote, kama kwamba mwenzake hayupo. Waya za umeme za vichochoro vyetu mnaziona wenyewe zinavyopita, sihitaji kusema.

Upepo lakini niutaje. Kusi ikishaanza, tangu Aprili hadi Septemba, vichochoro vinavyoelekea baharini huukusanya upepo na kuupiga juu kwenye madari. Bati moja lililopandishwa likiwa limelala linageuka tanga. Wengi wetu tuna jamaa waliokuwa Makka tarehe 11 Septemba 2015, kreni kubwa ilipoanguka ndani ya Msikiti Mtukufu siku ya Ijumaa kwenye dhoruba, ikaua watu zaidi ya 100. Uchunguzi ulisema mkono wa kreni ulikuwa umeachwa umesimama wakati haufanyi kazi, kinyume cha maelekezo ya walioitengeneza. Kreni ile ilikuwa miongoni mwa kubwa duniani, yenye wahandisi na vitabu vyake. Winchi zenu jioni mnaziachaje? Nyingi naziona zimebaki na kulabu hewani, bimu nje, na ndoo ikicheza usiku kucha juu ya vichwa vya wanaotoka swala ya Isha. Kuivuta bimu ndani na kuifunga hakumalizi dakika 10.

Sasa njia. Bandarini ilikuwa mwiko mtu kusimama au kupita chini ya mzigo, awe kuli au meneja. Hilo halikuja kwa hisani ya mtu. Makuli wa Mombasa waligoma 1939, wakagoma na mji mzima Januari 1947, wakagoma tena 1955, na ingawa kilio kikubwa kilikuwa mshahara, jambo lililojengeka ni kwamba mtu wa bandari ana haki ya kusema kazi hii siifanyi hivi. Hata uzito wa mzigo dunia ilikataa kuukisia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1929 unataka kila kifurushi cha tani 1 au zaidi kinachosafirishwa kwa meli kiandikwe uzito wake kabla hakijapakiwa, na tangu Julai 1, 2016 kontena halipandi melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kutoka Kilindini mpaka Kibokoni ni mwendo mfupi wa tuktuk. Upande mmoja wa kisiwa hakuna kinachoinuliwa kwa kukisia, upande wa pili kila kitu.

Nikiwashauri mfunge kichochoro wakati wa kuinua, mnaniambia watu watapiga kelele. Watu gani? Sisi watu wa Mji wa Kale tunafunga njia kila wiki. Harusi ikiwa kwa fulani, turubai linatandwa kutoka ukuta mpaka ukuta, viti vinapangwa, sufuria za pilau zinashika njia nzima, na anayekwenda sokoni anazunguka bila kununa. Maulidi tunafunga. Matanga tunafunga. Hakuna hata mmoja atakayekataa kuzunguka kwa saa moja ili kichwa cha mwanawe kisalimike, mradi aambiwe mapema na saa hiyo iwe saa kweli, siyo kutwa. Chagueni wakati: asubuhi baada ya watoto kuingia shule, na msiinue kitu wakati wa kutoka chuoni wala karibu na adhana. Pandisheni mizigo ya siku kwa mkupuo mmoja badala ya ndoo moja moja kutwa nzima. Wekeni mtu kila mwisho wa kichochoro, mtu mzima, siyo mtoto wa fundi. Wekeni na mtu wa tatu anayeona mzigo na anayemwona wa winchi, mwenye firimbi, na mota isiguswe mpaka yeye amepiga. Nyinyi mnamwacha wa darini ajipigie ishara mwenyewe, na roshani imemfunika macho.

Nayasema haya kama maombi, lakini mengi yake ni sheria tayari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imetaja miongoni mwa madhumuni yake kuwalinda hata watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi za wengine. Mpita njia yumo. Inataka mitambo ya kuinulia iwe imara, iandikwe uzito wa mwisho inaoruhusiwa kuinua, ikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa, na ukaguzi uandikwe. Tangu 1984 zipo kanuni za kazi za ujenzi zenyewe. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama wa eneo lenu anatakiwa apewe habari ndani ya saa 24. Sheria ya fidia, nayo ya 2007, imeweka mshahara wa miezi 96 kwa warithi wa mfanyakazi aliyeuawa na kazi. Kibarua wenu anayelipwa jioni kwa mkono, bila jina lake kuandikwa popote, mjane wake atauthibitishaje mshahara huo? Na mzee aliyekuwa amekaa barazani hayumo kwenye fidia hiyo hata kidogo, kwa kuwa hakuwa mfanyakazi wenu. Watu wake itawabidi waende mahakamani. Mwenye nyumba anayedhani mkandarasi ndiye atakayebeba kesi peke yake amuulize wakili kwanza.

Kwenu mnaopata nakala nina maneno mawili matatu.

Kaunti huidhinisha ramani. Ramani inaonyesha nyumba itakavyokuwa ikishakwisha, na winchi haimo ndani yake, kwa sababu siku ya kumaliza winchi itakuwa imeondoka. Kwa hiyo nyumba inapitishwa, na njia ya kuijenga hakuna aliyeiangalia. Ongezeni karatasi moja kwenye kibali: mzigo mkubwa utakaoinuliwa ni kilo ngapi, bimu inatoka nje kiasi gani, mkia una kilo ngapi na umefungwaje, njia itafungwa saa ngapi. Mhandisi aitie sahihi. Hata nusu saa hamalizi.

Makavazi mnakuja kuangalia milango ya nakshi na roshani zisibomolewe, na Mungu awalipe kwa hilo. Mkishafika mlangoni pandeni ngazi mkaangalie na kinachoning'inizwa juu ya roshani hizo. Ndoo ya kokoto ikiipiga roshani ya mvule haitauliza ina umri gani.

Idara ya Usalama na Afya Kazini, najua maafisa wenu ni wachache na bandari, viwanda na mahoteli vyote viko mikononi mwao. Mijengo yetu mingi ni ya watu kumi, kumi na wawili. Haifiki wale 20 ambao sheria inataka wawe na kamati ya usalama, kwa hivyo ndani ya mjengo hakuna wa kuuliza, na nyinyi nje hamjafika. Chagueni siku moja kwa mwezi, mpite Mji wa Kale kwa miguu pamoja na afisa wa kaunti na wa Makavazi, mtazame juu tu. Winchi isiyo na maandishi ya uzito ifungwe siku hiyo hiyo mpaka imepimwa. Winchi tano za mwanzo zikikataliwa, mafundi wa mtaa mzima watakuwa wamejua kabla ya Magharibi. Habari zetu hamzijui zinavyokwenda.

Wakandarasi mnaofanya vizuri, na mpo, msikasirike mkajiona mmetiwa kapu moja. Kuna mjengo mmoja karibu na Makadara uliowekewa vitalu vya zege vilivyopakwa rangi nyekundu na kuandikwa kilo zake, na fundi wake alinipandisha darini mwenyewe akanionyesha bolti moja moja. Nilipomuuliza alijifunzia wapi alisema Dubai. Vijana wetu wengi wamerudi kutoka Ghuba na ujuzi kama huo, na hapa wanapewa koleo. Watafuteni. Mmoja wao kwenye mjengo, akiwa na mamlaka ya kusimamisha winchi bila kumwomba mtu ruhusa, atawafaa kuliko makofia magumu kumi na mawili yaliyotundikwa kwenye msumari.

Kabla sijaweka kalamu, nimewaandikia kibao. Kichapisheni kwa herufi kubwa, mkibandike kwenye ukuta wa njiani, mahali ambapo hata mwanamke aliyebeba kikapu atasoma bila kusimama chini ya mzigo:

WINCHI INAINUA HAPA.
Mwisho wa mzigo: kilo …
Uzito wa nyuma: kilo …, umefungwa kwa …
Bimu imetoka nje: sentimita …
Aliyekagua: …, tarehe …
Njia inafungwa: saa … mpaka saa …
Msimamizi anayeweza kuisimamisha winchi: …, simu …
Ukiona nafasi yoyote hapa haikujazwa, mpigie simu afisa wa usalama kazini: …

Nafasi hizo zikijazwa kwa ukweli, nitawapigia makofi. Zikijazwa kwa kukisia, nitapanda nyumba ya jirani na futi yangu ya kupimia, kama ambavyo wengine wenu mmeshaniona nikifanya.

Wassalaam,

Mzee wa Kibokoni, mpiga ishara mstaafu wa Kilindini